Simu Iliyomkatikia Bibi Peke Yake

Nesi wa zahanati ya mlimani alinipigia asubuhi moja ya masika akaniambia kwamba simu yao ya mezani imeanza tena. Nikamuuliza imeanza nini. Akasema inakata, lakini haimkatii kila mtu. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuongea nayo muda mrefu na stoo ya dawa iliyoko mjini na haikumsumbua. Daktari anayekuja kwa zamu naye anaitumia bila shida. Anayekatiwa ni bibi mmoja, anayefika zahanati kila alasiri kuzungumza na mume wake aliyelazwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa kule Themi, chini mjini. Akiishika bibi huyo, simu inakaa kidogo, halafu inakufa.

Nilimsimulia bosi wangu naye akacheka. Alisema labda shavu la bibi linabonyeza kitufe. Kisha akaniambia nipande nikaangalie, kwa sababu simu ni simu, na aliyelalamika ni mteja.

Kampuni tunayofanyia kazi ni ndogo, ina vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme katikati ya mji wa Arusha. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukitunza mtandao wa kanisa moja lenye zahanati, ofisi za sharika na nyumba hiyo ya wagonjwa. Kila kituo kina ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ila hizi za kanisa zina pia matundu ya kuchomeka simu za mezani. Sauti ya mtu inakatwa vipande vidogo sana, inarushwa kwa redio kutoka mnara hadi mnara, na ikifika upande wa pili inaunganishwa tena. Mambo yakienda vizuri, mtu anainua mkonga, anabonyeza namba fupi na kuongea, wala hana haja ya kujua kwamba sisi tupo duniani.

Nilipanda mlimani kwa bodaboda, nimeukumbatia mkoba wa vifaa kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ile njia ya udongo mwekundu inayopita kati ya migomba na kahawa ilikuwa inateleza kama sabuni. Mara mbili ilibidi nishuke nitembee. Zahanati yenyewe iko nyuma ya kilima kinachoziba mawimbi ya simu za mkononi, ndiyo maana ile ya mezani ina thamani huko. Ukitaka kupiga kwa simu ya mkononi, inabidi upande hadi kwenye uwanja wa kanisa, usimame upande mmoja tu, na uombe Mungu.

Siku hiyo bibi sikumkuta, nilikuwa nimewahi mno. Nikafanya kazi ninayoijua. Nilibadilisha waya wa mkonga, nikajaribu simu nyingine kwenye tundu lilelile, nikapiga Themi nikaongea na mhudumu wa kule kuhusu mvua, kuhusu bei ya ndizi, kuhusu chochote, na sauti ilikuwa safi pande zote mbili. Mwishoni nilifungua soketi ya ukutani nikakuta sisimizi wamejenga humo, wamejaza udongo kwenye nyaya. Nilifurahi sana kuwaona. Fundi anayetafuta kosa lisiloonekana hupenda kukuta kitu anachoweza kukigusa. Nikawasafisha, nikaweka soketi mpya, nikamwambia nesi kwamba kazi imeisha, nikashuka.

Siku chache baadaye nesi akapiga tena. Kwa kila mtu simu inafanya kazi vizuri, akasema, na kwa bibi inakata vilevile.

Safari hii nilipanda mchana nikaamua kumsubiri mwenyewe. Nilikaa kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, ndipo simu ilipo, laptopu yangu imeunganishwa na ruta. Alasiri nikamwona kupitia dirishani akija na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliutua nje ya uzio, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono, akanawa miguu hadi magotini, halafu akatoa kwenye mfuko kitenge kikavu akakifunga juu ya kile kilichochafuka shambani. Alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa anajiandaa kama mtu anayekwenda kumtembelea mgonjwa, na nadhani kwake ilikuwa hivyohivyo.

Nilimsalimu, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa simu?"

Nilimwambia ndiyo, na kwamba nataka kuona inavyokata. Hakuonyesha kukerwa na mimi kukaa pale. Nesi alimbonyezea namba, akampa mkonga, akatoka. Bibi akakaa vizuri kwenye kiti na kuanza kuongea kwa Kimeru. Mimi kwetu ni Kilimanjaro, na Kichaga changu kinanisaidia kuokota neno moja moja tu. Niliokota ng'ombe, niliokota mvua, nikaokota jina la mnyauko unaoua migomba. Alikuwa anamsimulia siku yake, taratibu, na kila baada ya sentensi alinyamaza kidogo kama anayesubiri kitu. Kisha anaendelea.

Mimi nilikuwa naangalia skrini. Sauti yake ilikuwa inaondoka vizuri kwenda Themi. Kutoka Themi hakukuwa na kitu. Si kwamba sauti ilikuwa dhaifu au imekatikakatika, hapakuwa na chochote kabisa. Halafu, wakati bibi yuko katikati ya maneno, simu ikakatika. Aliushusha mkonga polepole akautazama.

Nilimwuliza kama alikuwa anamsikia mzee.

"Simsikii," akasema. "Hasemi."

Kwa fundi wa simu, maneno hayo yana maana moja. Kuna ugonjwa unaojulikana sana katika mitandao hii, ambapo sauti inapita upande mmoja na kupotea kwa kurudi. Nilimweleza hivyo bibi kwa furaha kidogo, kwamba sasa nimejua kosa liko wapi, liko Themi, na kesho nitakwenda kulitoa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nifunge laptopu.

"Nilipokwenda kumwona alikuwa ananiitikia. Kwenye simu haniitikii. Nafikiri amenikasirikia kwa kumwacha kule."

Nilimsaidia kujitwika mzigo wake, uliokuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na nikamwangalia akishuka na njia ya kando ya mfereji, akikanyaga kwa uangalifu kwa sababu ya magoti. Nesi ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi kabla ya Krismasi. Watoto wako mbali, nyumbani ni yeye, bibi na ng'ombe wawili, na hakuna aliyeweza kumwinua na kumgeuza. Kule Themi kuna watu wa mazoezi ya viungo. Bibi alikubali apelekwe, lakini safari ya kushuka na kupanda inamuumiza magoti hata anakaa siku mbili kitandani, kwa hiyo anakwenda mara chache. Siku zilizobaki ni simu.

Kesho yake nikafika Themi. Nyumba ya wagonjwa iko kwenye kona tulivu, ina bustani ndogo na baraza pana linaloelekea mtoni. Nilikagua ruta yao kwanza, nikitafuta mahali sauti inapopotelea. Sikuona. Nilipiga mlimani nikaongea na nesi, naye akanisikia neno kwa neno. Nikampa mkonga mhudumu wa zamu, kijana mpole mwenye mikono mikubwa, naye akasikika. Nilianza kuchanganyikiwa. Ndipo nikamwomba anionyeshe mzee huwa anapokelea wapi simu.

Alinipeleka barazani. Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini, mkono wa kulia umelala kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Nilimsalimu. Alinitazama kwa macho makini kabisa, midomo ikasogea upande mmoja, na hakuna neno lililotoka. Mhudumu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kiharusi kilichukua maneno yote. Anaelewa kila kitu, lakini hawezi kusema.

Nikakumbuka neno la bibi, "hasemi." Mimi nilikuwa nimelisikia kama fundi.

Nilimwuliza kijana yule huwa inakuwaje bibi akipiga. Alisema yeye humwekea mzee mkonga kwenye mkono wa kushoto, na mzee huushikilia sikioni mwenyewe, hataki kusaidiwa. "Anaguna tu," akasema. "Mm, mm, mpaka simu ikate. Na ikikata bado anaendelea kuishika. Nikitaka kuichukua ananikatalia kwa macho."

Nilibaki pale hadi alasiri. Simu ya bibi ilipoingia nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na ukuta, laptopu mapajani, waya umepita chini ya mlango. Sauti ya bibi niliisikia ikitoka kwenye mkonga, ndogo kama ya mdudu. Na baada ya kila sentensi yake mzee aliitika. "Mm." Kulikuwa na "mm" fupi, na kulikuwa na nyingine ndefu iliyopanda mwishoni, na wakati mmoja bibi alisema jambo fulani na ile "mm" ikatoka mara mbili haraka haraka, kama mtu anayesema hebu subiri kwanza. Alikuwa anashiriki mazungumzo kikamilifu. Ila alikuwa anaguna chini kabisa, kwa pumzi zaidi kuliko kwa koo, kwa sababu ndizo nguvu alizobakiwa nazo. Nilitazama skrini. Mzee aliguna, na ruta haikutuma kitu. Akaguna tena, haikutuma kitu.

Hapo nikaelewa kosa, na halikuwa kosa la mtu yeyote. Ruta hizi zimepangwa kubana matumizi ya njia ya redio, ambayo ni nyembamba. Mtu akinyamaza, ruta ya upande wake inaacha kutuma, maana kutuma ukimya ni kujaza njia bure. Na ili wa upande wa pili asidhani simu imekufa, ruta yake inamtengenezea mvumo mdogo sikioni, kama upepo wa mbali, usiotoka kwa mtu yeyote. Kisha, ukipita muda bila sauti kuja, ruta inahesabu kwamba mtu ameshaondoka na inakata. Kwa watu wazima wa afya mpango huo haudhuru, kwa sababu hakuna anayekaa kimya kwenye simu. Lakini ruta iliisikia "mm" ya mzee ikaona ni kelele za chumbani. Kila aliloitikia lilikuwa linaachwa pale Themi, na bibi kule juu alikuwa anasikilizishwa upepo.

Simu ikakatika. Mzee hakuushusha mkonga.

Nilisogea nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia kwamba mama yule kule mlimani hamsikii, na si kwa sababu yake yeye, ni mashine ndiyo inayomziba, na kwamba nitaitengeneza. Kisha akaguna, safari hii kwa nguvu zake zote, na jicho moja likamtoka machozi. Mhudumu akamfuta kwa kona ya shuka kama anavyomfuta mate.

Jioni nyumbani Kisongo nilikuwa namenya viazi huku namhadithia mume wangu kisa chote, naye alikuwa anapiga pasi sare za shule za mtoto. Nilipofika sehemu ya barazani nikamwona ameacha pasi imesimama. Muda wote alikuwa akiniitikia, mm, ee, mm, na sijui kama katika miaka yetu ya ndoa niliwahi kuzisikia hizo sauti. Nilikuwa naziegemea tu, kama unavyoegemea ukuta. Nikamwuliza ingekuwaje kama angeacha kuitika. Akasema ningeacha kuongea, nami nikafikiri juu ya bibi ambaye alikuwa hajaacha.

Bosi hakucheka tena nilipomweleza. Ila alikuna kidevu. Kuondoa ule mpango wa kubana kungemaanisha njia ijae hata watu wakiwa wamenyamaza, na kwenye njia hiyohiyo nesi anatuma vipimo vya wagonjwa, na mvua ikinyesha redio yetu huwa inapungua nguvu. Alizunguka mezani, akaangalia kilima kupitia dirishani kana kwamba mnara unaonekana kutoka pale. Aliniuliza kama inawezekana kuiacha wazi kwa namba ile moja tu ya barazani. Nikamwambia inawezekana. Aliniuliza bibi hupiga saa ngapi, nikamwambia, akasema saa hizo nesi ameshamaliza kutuma.

"Basi iache wazi," akasema. "Na hiyo ya kukata, itoe kabisa. Wenyewe wakichoka wataweka chini."

Nilifanya kazi hiyo nikiwa ofisini, kwa mistari michache ya maandishi kwenye ruta ya Themi na michache kwenye ile ya mlimani. Niliongeza pia nguvu ya sauti inayotoka barazani, kidogo kidogo, nikimpigia mhudumu na kumwomba anong'one kwenye mkonga mpaka nikamsikia bila sauti kukwaruza. Lakini sikuridhika kubaki mjini. Siku hiyohiyo nilipanda mlimani.

Bibi alikuja na kawaida yake ya kunawa na kubadilisha kitenge. Sikumwambia kitu kirefu. Nilisema tu kwamba mzee hakuwa amenyamaza, na leo asikilize. Nesi akabonyeza namba na safari hii hakutoka, akabaki amesimama mlangoni.

Bibi alisema salamu yake ya Kimeru. Kisha akanyamaza kidogo kama anavyonyamaza siku zote, na nikaona mgongo wake ukinyooka. Akasema neno jingine moja, kwa sauti ya kuuliza. Akasikiliza. Aliufunika mkonga kwa kiganja, akanigeukia.

"Anaitika," akasema.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sikulitegemea, aliacha kuongea. Muda mrefu alikaa amefumba macho, mkonga umegandamizwa sikioni, akisikiliza baraza la Themi. Mara moja alicheka peke yake na kutuambia, kwa Kiswahili, kwamba mzee anakohoa, na kwamba kikohozi hicho anakijua, ni cha kujifanya. Nesi alikwenda kuangalia kitu kwenye chumba cha dawa ambacho nadhani hakikuhitaji kuangaliwa. Mimi niliangalia skrini, ambako kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilikuwa zinatuma, na nyingi ya sauti zile hazikuwa maneno.

Kisha bibi akaanza kumsimulia. Nilitoka nje niwaache. Nikiwa pale barazani pa zahanati, nikingojea bodaboda, nilimsikia akisema kwa kasi, akicheka, akigomba, akisubiri, akiendelea. Ng'ombe, mvua, migomba. Simu haikukatika, na nilipoondoka alikuwa bado anaongea.

Sikurudi kule hadi kahawa ilipoanza kuchanua tena. Kwa muda huo nilikuwa napata habari zao kwa nesi, kipande kipande: mzee ameweza kusimama akishikiliwa, mzee amepiga hatua, mzee ameanza kulalamika kwa ishara kuhusu chakula cha mjini. Halafu siku moja nesi akanipigia na nikadhani ni simu imeharibika, kumbe bibi ndiye aliyemtuma anialike. Mzee amerudi nyumbani.

Nilikwenda siku ya Jumamosi, bila mkoba wa vifaa, nimebeba mkate na sukari. Nyumba yao iko chini kidogo ya zahanati, imezungukwa na migomba hadi huioni mpaka uifikie. Mzee alikuwa uani kwenye kiti cha mbao kilichowekewa mto, fimbo kando yake. Nilimsalimu, akanipa mkono wa kushoto, akaushika wangu na hakuuachia haraka. Bibi alituletea loshoro, uji mzito wa mahindi na mtindi, ikiwa ya moto kwenye vikombe, akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya mumewe, na akaanza kuniambia mambo ya mwezi mzima kwa Kiswahili. Mzee alikuwa anaitika kila sentensi, mm, mm, ingawa aliyekuwa anasimuliwa ni mimi.

Nilimwuliza bibi kama maneno yamerudi. Alisema yamerudi mawili matatu. La kwanza lilikuja mzee akiwa bado Themi, kwenye simu, siku bibi alipomwambia kwamba anafikiria kumuuza yule ng'ombe mweusi aliyekuwa mkaidi wa kukamuliwa.

"Nimeongea naye miezi na miezi," akasema, "nikimbembeleza aseme neno moja tu. Siku aliyofungua mdomo akasema hapana."

Alisema hivyo akiwa amekunja uso, lakini mkono wake ulikuwa unaondoa jani kavu lililoangukia goti la mzee. Nikamwuliza mzee kama ni kweli, kwamba alikataa. Alifikiri, akavuta pumzi, midomo ikahangaika upande mmoja. Sisi wawili tulimngoja, na hakuna aliyemsaidia.

"Maziwa," akasema hatimaye. Akapumzika. "Mengi."

Bibi akaniambia kwamba hayo si kweli, ng'ombe yule hana maziwa mengi, ila mzee anampenda kwa sababu alimnunua akiwa ndama akamlea kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akaguna kupinga. Bibi akamjibu kwa Kimeru, naye akaguna tena, na wakaendelea hivyo kwa muda, wakigombania ng'ombe aliyekuwa amelala nyuma ya nyumba anacheua. Mimi nilimaliza loshoro yangu. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka kileleni, na bibi aliingia ndani kunifungia ndizi za kupeleka nyumbani.